Kitako kizito kilichobonyea: kisa cha vitako vinne vya reli ya mfano

Wahusika wa kisa hiki ni wawili, mjomba na mpwa wake, nami niliyeitwa kushauri kwa sababu kazi yangu ni mbao. Majina na mahali vimeondolewa kwa makubaliano yao. Vipimo ni vya kazi yenyewe.

Usuli

Mjomba ana treni za mfano za kipimo cha 1:87, zinazotembea kwenye njia yenye nafasi ya milimita 16.5 kati ya reli na reli. Kwa muda mrefu alikuwa akizitandaza sakafuni na kuzikusanya jioni. Alipopata nafasi zaidi akataka stesheni ya kudumu, yenye pointi (mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili), maghala na kilima kidogo nyuma. Tatizo ni kwamba chumba alichokuwa nacho hulaza wageni pia. Reli ilipaswa kuvunjwa vipande, kuegeshwa ukutani, kisha kurudishwa bila kuanza upya.

Akaamua urefu wa mita 4.8 na upana wa sentimita 60, uliogawanywa katika vitako vinne vya milimita 1200 kwa 600. Kitako ni ubao wa juu pamoja na fremu inayoushikilia kwa chini. Reli, nyaya, nyumba na milima vyote hukaa juu yake. Ukubwa aliouchagua ulikuwa wa busara na hatukuugusa hadi mwisho. Kitako cha namna hiyo hupita mlangoni, hubebwa na watu wawili bila kugombana na fremu ya mlango, na mkono wa mtu mzima hufika nyuma bila kuangusha nguzo za simu zilizoko mbele.

Alijenga mwenyewe, akiongozwa na imani moja: kinene ndicho imara. Ubao wa juu ulikuwa MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa kwa gundi, wa milimita 18. Chini yake aliweka mbao za milimita 50 kwa 25, akizilaza kwa ubapa, na kuzikaza kwa skrubu bila gundi. Mbao zilikuwa mbichi. Zilitoka kwa muuzaji na kuingia kwenye fremu wiki hiyohiyo. Kila kitako kikapewa miguu minne, na kitako kwa kitako vikaunganishwa kwa boliti mbili za milimita 8 zilizopita katika matundu ya milimita 10.

Kilichotokea

Mwanzoni treni zilitembea vizuri, na hilo ndilo lililomfanya aendelee kutandika reli hadi mwisho, kuzigundisha na kuzimwagia kokoto.

Dalili ya kwanza ilikuwa mabehewa marefu kuachana katikati ya kitako cha pili. Kulabu zilikuwa nzima. Njia ilikuwa imeshuka katikati, na behewa lililoanza kupanda upande wa pili likawa linainua kulabu yake juu ya ile ya mwenzake. Dalili ya pili ilikuja kwenye kiungo cha kitako cha pili na cha tatu: kichwa cha treni kikawa kinaacha reli palepale, kikitoka kushoto tu, kikirudi kutoka kulia, kinapita. Ukiona treni inaacha reli upande mmoja wa safari na kupita upande mwingine, jua kuna kidaraja, yaani reli moja iko juu kuliko mwenzake. Gurudumu linaloshuka kidaraja huteremka, linalokipanda hugonga.

Mjomba akaanza kutibu kilichoonekana. Alipiga tupa ncha za reli. Akaongeza uzito ndani ya mabehewa. Kisha akafunga mguu wa ziada katikati ya kitako cha pili, na kwa siku kadhaa ikaonekana amepata dawa. Hewa ilipobadilika na kuwa ya unyevu, mguu ule ukawa umekinyanyua kitako hata kukifanya kilima. Njia ikapinda pembeni pia, mkunjo mdogo uliokuwa karibu na pointi ya kuingilia ghalani.

Hapo ndipo mpwa alipopiga simu. Mjomba hakuwa na haja ya fundi. Alipoona nimefika na rula ya chuma akasema, "Karibu fundi, lakini kitako hiki gari litapita juu yake." Sikubisha. Gari pengine lingepita. Treni ya mfano ndiyo isiyopita.

Vipimo kabla ya msumeno

Tuliweka rula ya chuma ya mita moja na nusu kando ya reli. Katikati ya kitako cha pili, baada ya kuondoa mguu wa ziada, palikuwa na uwazi wa milimita 4. Kwenye kiungo, reli moja ilikuwa juu ya mwenzake kwa zaidi kidogo ya milimita 1. Ukingo wa gurudumu la kipimo hiki, ule unaolizuia lisitoke kwenye reli, kina chake ni kama milimita 1 na mara nyingi pungufu. Kidaraja kile kilikuwa kinazidi kitu pekee kinachoishikilia treni njiani.

Kisha tukapima mpindo wa mshazari. Vijiti viwili vilivyonyooka huwekwa kimoja kila ncha ya kitako, vikikatiza upana, halafu unainama na kuchungulia ukingo wa cha mbele dhidi ya ukingo wa cha nyuma. Kama havilingani, kitako kimejipinda, hata kama rula inakuambia kimenyooka kwa urefu. Kitako cha kwanza na cha nne vilikuwa vimejipinda pande tofauti. Zoezi hili ni la dakika mbili, na bado sijamwona mtu anayelifanya kabla ya kuambiwa.

Suala la mkunjo wa reli lilichukua mazungumzo marefu. Mjomba alishikilia kwamba reli hurefuka kwa joto. Ni kweli hurefuka. Lakini reli za aloi ya shaba, nikeli na zinki, kwenye urefu wa mita 1.2, joto likipanda kwa nyuzi 15, hurefuka kama milimita 0.3 hivi. Nafasi alizoziacha kati ya reli na reli zilitosha kumeza kiasi hicho. Kilichozidi kilitoka chini. MDF hunywa unyevu na kuutoa, ikitanuka na kunywea, na mbao mbichi zilikuwa zinaendelea kukauka na kupinda zikiwa tayari zimefungwa. Mbao inapokauka urefu wake karibu haubadiliki, ila upana hupungua kwa asilimia kadhaa. Kwenye mbao ya milimita 50 hizo ni milimita nzima au mbili. Skrubu zilikuwa zimelegea kwenye matundu yake. Mpwa alizifungua baadhi kwa vidole.

Maamuzi, na sababu zake

*Kuvunja au kukarabati.* Mjomba alitaka kuongeza mihimili juu ya ile iliyokuwapo. Pendekezo hilo lilikuwa na mantiki: reli zilikuwa zimeshatandikwa. Mimi nilisema fremu yenye mbao zinazoendelea kupinda itaipinda na hiyo mpya. Aliyeamua ni mpwa, kwa hoja ambayo sikuwa nayo. "Mjomba, wewe na mimi tunakibeba kwa shida leo. Tukikiongezea mbao, nani atakiegesha ukutani wageni wakija?" Mzee akanyamaza, kisha akaenda kutafuta bisibisi.

*Kimo badala ya unene.* Huu ndio uamuzi uliobeba kazi yote. Ukaidi wa mhimili dhidi ya kubonyea hufuata upana wake mara moja tu, lakini hufuata kimo chake mara tatu: kimo kikizidishwa kwa mbili, ukaidi huzidi mara nane. Zile mbao za mjomba za 50 kwa 25, kama angezisimamisha kwa ubavu badala ya kuzilaza, zingekuwa kaidi mara nne zaidi kwa mbao ileile na gharama ileile. Tulikwenda mbali kuliko hapo: vipande vya plaiwudi ya milimita 9 vilivyosimama kwa kimo cha milimita 100. Kimoja kina mbao pungufu kuliko ile ya zamani, lakini kwa hesabu ya umbo peke yake ni kaidi zaidi ya mara kumi na moja. Plaiwudi haitoi yote hayo, kwa sababu tabaka zake hupishana na karibu nusu ya nyuzi hazielekei kwenye urefu. Kata nusu. Bado unabaki na mara tano na ushee.

*Plaiwudi badala ya mbao.* Kupishana huko kwa tabaka, kunakopunguza ukaidi, ndiko kunakoifanya plaiwudi itulie hewa ikibadilika. Hata hivyo tuliiacha chumbani wiki mbili kabla ya kuikata, ikiwa imelazwa juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote. MDF niliikataa bila mjadala. Ni nzito, skrubu inayoingia ubavuni mwake huipasua, na vumbi lake si la kuvuta.

Shiti mbili za milimita 9 zilitosha vitako vyote vinne. Ya kwanza ilitoa mbao nne za juu. Ya pili ilichanwa kwa urefu kuwa vipande vya milimita 100, na hapa mpwa alikuwa ameshahesabu kumi na viwili kutoka upana wa 1220. Msumeno wa mashine hula kama milimita 3 kila unapopita, kwa hiyo vinatoka kumi na kimoja na kibaki cha sentimita nane na ushee. Kumi na kimoja ndivyo tulivyohitaji, bila hata kimoja cha akiba: vinne kwa mihimili ya pembeni, saba kwa mbavu, vipande vinavyokatiza upana chini ya ubao, na ncha. Vyote vikachanwa bila kusogeza kizuizi cha mashine. Upana ukitofautiana hata kwa milimita moja, ubao wa juu utakaa juu ya mbavu nyingine na kuning'inia juu ya zilizobaki.

*Mbavu.* Moja kila milimita 300. Mpwa alichora njia yote kwenye karatasi ya ukubwa halisi, akailaza juu ya mbao na kutia alama chini ya kila pointi, kwa kuwa mota ya pointi hukaa chini ya ubao na haiwezi kukaa ndani ya ubavu. Mbavu mbili zilisogezwa kwa sentimita nne. Matundu ya nyaya yalitobolewa katikati ya kimo cha kila ubavu kabla ya kuunganisha. Ukisubiri hadi baadaye, utatoboa ukiwa umelala chali na unga wa mbao machoni.

*Viungo.* Boliti hukaza. Kulinganisha si kazi yake. Boliti ya 8 ndani ya tundu la 10 ina uhuru wa milimita 2, na kidaraja cha mjomba kiliishi ndani ya uhuru huo. Tuliweka pini za shaba zenye vikombe vyake, mbili kila kiungo, moja karibu na kila ukingo. Ncha zilifanywa za plaiwudi mbili zilizogundishwa ili pini ipate mahali pa kuuma. Ncha zinazotazamana zilibanwa pamoja kwa klempu na kutobolewa kwa pigo moja, zikiwa bado ni vipande, kabla ya fremu yoyote kuwapo. Kila jozi ikapewa herufi yake, na tangu hapo hakuna ncha iliyobadilishana na nyingine.

*Miguu.* Mjomba alikuwa na kumi na sita. Tukabaki na kumi. Kitako cha kwanza kinasimama kwa minne, kila kinachofuata kina miwili upande wa mbali na kwa upande wa karibu kinaegemea jirani yake. Mguu wenye boliti ya kurekebisha chini huwekwa sawa kwa spana na pimamaji. Kadiri miguu inavyopungua ndivyo ugomvi na sakafu unavyopungua.

Ujenzi na matokeo

Vitako vitatu vya kwanza vilijengwa kwa mfululizo, fremu zikiwa zimefungwa moja kwa nyingine juu ya mlango mzima uliolazwa kwenye meza mbili na kuhakikiwa kwa rula. Tulipima mishazari ya kila fremu, yaani kutoka kona hadi kona inayoikabili. Kwa 1200 kwa 600 kila mshazari huwa karibu 1342, ingawa namba yenyewe haina maana kubwa. Kinachotafutwa ni mishazari miwili iwe sawa. Gundi ya mbao kila kiungo, skrubu za kushikilia tu wakati gundi inakauka, kisha ubao wa juu. Vanishi mikono miwili, juu, chini na kwenye kingo.

Reli zilipita juu ya viungo zikiwa nzima. Pande zote mbili za kiungo zililehemiwa kwenye vibao vyembamba vyenye ngozi ya shaba vilivyogundishwa na kupigwa skrubu, na ndipo zikakatwa kwa msumeno mwembamba juu ya ufa. Zikikatwa hivyo haziwezi kutofautiana, kwa kuwa zilikuwa reli moja dakika iliyopita.

Kitako kipya bila miguu kina uzito wa kati ya kilo 7 na 8. Ubao wa juu wa zamani peke yake, bila fremu, ulikuwa unakaribia 10. Rula ikilazwa juu yake, karatasi haipiti. Kichwa cha treni kilichokuwa kikianguka kinapita viungo viwili vya kwanza pande zote mbili, kwa mwendo wa taratibu na wa kasi.

Kitako cha nne ni habari nyingine. Kilijengwa siku ambayo mpwa hayupo, na mjomba hakutaka kungoja. Vipande vilikuwa vilevile, gundi ileile, mishazari alipima na ilikuwa sawa. Alikijenga sakafuni, peke yake, bila kukifunga na cha tatu. Kilipokauka na kuinuliwa, vijiti vya kuchungulia vilionyesha kona moja imeinuka kwa milimita 3.

Uchambuzi

Kimo cha mihimili kilifanya kazi iliyotarajiwa, na hilo halikuwa na bahati ndani yake, ni hesabu. Uamuzi wa kutoboa ncha kabla ya fremu nauona kuwa wa pili kwa uzito. Wengi hujenga vitako vizuri kisha wakajaribu kuvilinganisha, na hapo kila kosa dogo la fremu huishia kwenye kiungo. Hapa kiungo kilitangulia, fremu zikakifuata.

Vanishi ninaipa sifa ndogo kuliko anayoipa mpwa. Hupunguza kasi ya unyevu kuingia, haiuzuii. Faida yake kubwa ni kupakwa pande zote. Upande wa juu utafunikwa kwa rangi, plasta na gundi iliyochanganywa na maji; upande wa chini ukiachwa mtupu, pande mbili za ubao mmoja zitakunywa kwa kasi tofauti, na ubao utajikunja.

Kilichofeli kwenye kitako cha nne hakikuwa uzembe wa mzee kama mpwa alivyosema kwa ukali kidogo. Muundo wenyewe ulikuwa na udhaifu ambao mimi sikuwa nimeutaja kwa uwazi: kimo huzuia kubonyea, hakizuii kujipinda. Chukua boksi la viatu lisilo na kifuniko, lishike ncha mbili, lisokote. Linasokoteka. Lifunike na kulibana kifuniko, linagoma. Kitako chetu kina ubao juu na kiko wazi chini. Ni boksi wazi lililopinduliwa. Gundi inapokauka hushika umbo lolote ililolikuta, na sakafu ya chumba kile haikuwa sawa. Vitatu vya kwanza viliokolewa na mlango vilivyolazwa juu yake na kwa kufungwa pamoja. Mishazari kuwa sawa haikumsaidia mjomba, kwa sababu mishazari hupima pembe za fremu tu, haioni kona iliyoinuka.

Dawa kamili ingekuwa kufunga chini kwa plaiwudi nyembamba. Nilipendekeza, tukaikataa sote: nyaya na mota za pointi ziko huko, na kitako kisichofunguka kwa chini ni adhabu siku mota ikigoma. Tulichofanya ni kukibana kitako kwenye meza kikiwa kimesokotwa upande wa pili, kupita kidogo mahali pa sawa, kisha kugundisha na kupiga skrubu mikingamo miwili ya mshazari kutoka kona hadi kona chini ya mbavu. Mikingamo ilitoka kwenye kile kibaki cha sentimita nane, kilichochanwa katikati kwa urefu. Klempu zilipoondolewa kilirudi nyuma kiasi, kikabaki na milimita 1. Hiyo milimita humezwa na pini na boliti kinapofungwa na jirani yake, ingawa ndicho kitako pekee ambacho pini zake huingia kwa kugongwa na nyundo ya mpira. Viungo vingine viwili huingia kwa mkono. Kugongwagongwa kutapanua matundu ya pini, na sitashangaa ncha hiyo ikihitaji kubadilishwa.

Mjomba sasa anataka kitako cha tano, cha kona, ambacho kingo zake mbili hazitakuwa sambamba. Kwa umbo hilo mikingamo ya mshazari itaingia tangu mwanzo, kabla ya ubao wa juu, na ncha yake itatobolewa pamoja na nakala ya ncha ya kitako cha nne badala ya ncha yenyewe, ambayo imeshafungwa. Mpwa ameanza kuchora njia kwenye karatasi. Kuna pointi moja inayoangukia juu ya ubavu, na wanabishana kipi kisogee.